Dawa ya mbali, figo ya Wete

Swali: Assalaam alaykum daktari. Baba yangu ana miaka 62, ni mkulima, tunakaa nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Sukari anayo mwaka wa 11 huu, presha mwaka wa sita. Alikuwa akinywa metifomini ya sukari na amlodipini ya presha. Miezi miwili nyuma walimpima mkojo wakakuta protini, wakamuongezea losatani. Baada ya wiki tatu akapimwa damu, kreatini imepanda kutoka 118 hadi 136. Ami yetu akasema, "Si niliwaambia, hiyo dawa inaua figo," na mzee kaacha kuinywa. Sasa kaka aliyeko Maskati katuletea dapaglifozini, anasema ndiyo dawa mpya ya figo. Mimi nimesoma kwamba dawa zote hizi zilijaribiwa kwa Wazungu. Tumpe ipi, au tusimpe yoyote? Mwalimu wa skuli, Wete.

Jibu: Waalaykum salaam, Mwalimu. Hapo mna maswali matatu, na la mwisho umelidondosha kama la ziada, ilhali ndilo lililonikalisha kitako. Lakini nianze na lile linalomnyima mzee usingizi, hiyo 136.

Chukua kifumbu cha kuchujia tui. Ukikamua kwa wastani, tui linashuka taratibu na machicha yanabaki ndani. Ukikamua kwa nguvu zako zote, tui linatoka upesi na aliyekusimamia atakusifu. Fanya hivyo kila siku, ukili utaanza kuachana, na siku moja utaona machicha yamo kwenye tui. Kila figo ina vifumbu kama milioni moja, vidogo visivyoonekana kwa macho. Sukari ya miaka mingi, tena ikisaidiwa na presha, hukamua vifumbu hivyo usiku na mchana. Protini waliyoiona kwenye mkojo wa mzee ndiyo machicha.

Kazi ya losatani, mbali na kushusha presha ya mkononi, ni kulegeza kimshipa kinachotoa damu kwenye kichujio, ili mkamuo wa ndani upungue. Mkamuo ukipungua, kinachochujwa kwa dakika nacho hupungua kidogo, na kreatini, ambayo ni taka inayosubiri kuchujwa, hubaki kwenye damu zaidi ya jana. Kwa hiyo namba kupanda kidogo wiki za mwanzo ni dalili kwamba dawa imefika mahala pake. Kwa mzee, kutoka 118 hadi 136 ni ongezeko la asilimia 15. Nikitumia fomula inayotumika sasa, uwezo wake wa kuchuja umetoka kama mililita 60 kwa dakika ukafika kama 51. Miongozo ya madaktari wa figo inasema endelea na dawa maadamu kreatini haijapanda zaidi ya asilimia 30 ndani ya wiki nne. Ikivuka hapo, au potasiamu, madini ambayo figo huyatoa mwilini, ikipita 5.5, ndipo daktari anasimama na kuuliza: mgonjwa alikuwa anaharisha? Anatumia dawa za maumivu? Mishipa inayopeleka damu kwenye figo imebana?

Ami yako basi kaiona namba sawasawa. Maana yake ndiyo iliyompotea, na simlaumu, kwa sababu aliyemkabidhi mzee ile karatasi ya maabara hakumwambia mapema kwamba itapanda. Mgonjwa akiambiwa kabla, huipokea kama habari aliyoitarajia. Akiambiwa baada, huona kama kisingizio.

Na hili la kuacha dawa ili figo zipumzike halikuachwa kwenye mabishano ya barazani. Uingereza waliwachukua wagonjwa 411 ambao figo zao zimechoka kuliko za mzee wako, uwezo wa kuchuja uko chini ya 30, wote wanatumia dawa za ukoo huu wa losatani. Wakagawanywa kwa kura ya bahati, nusu waache, nusu waendelee, wakafuatiliwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka 2022. Walioacha hawakupata figo bora kuliko walioendelea. Nami nikiri, kabla ya jaribio hilo nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wepesi wa kusimamisha dawa figo zikishuka sana.

Ushahidi wa losatani yenyewe ni wa 2001. Watu 1,513 wenye sukari ya aina ya pili na protini mkojoni, yaani watu kama mzee hasa, waligawanywa kwa kura, hawa losatani, hawa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, na pande zote mbili ziliruhusiwa dawa nyengine za presha, zikiwemo za jamii ya amlodipini. Kwa muda wa miaka mitatu na ushei, kati ya kila watu 100 waliopewa kidonge kitupu, 25 au 26 walifikia hali ya kuhitaji mashine ya kusafisha damu au figo ya kupandikizwa. Upande wa losatani, karibu 20. Nakupa kwa watu 100 makusudi. Ukisoma kwamba hatari imepungua kwa asilimia 28, utadhani dawa ni ngao. Utaona pia kwamba 20 walifika huko huko pamoja na losatani yao, na hilo lazima familia ilijue.

Sasa hilo la Wazungu.

Una haki ya kuuliza. Jaribio la losatani nililolitaja lilifanyika katika nchi 28 za Asia, Ulaya na Amerika zote, na bara letu halimo. La dapaglifozini, nitakalolieleza punde, liliwachukua watu 4,304, na watu weusi walikuwa chini ya watano katika kila mia. Anayesema haya hayana uzito anataka tu uinuke uende zako.

Lakini usikubali pia kwamba hatujapimwa kabisa. Marekani, jaribio moja kubwa la presha la 2002, la watu zaidi ya 33,000, liliwaingiza Wamarekani weusi wengi, na ikaonekana kwamba kwao lisinopirili, dawa ya ukoo mmoja na losatani, ikianzwa peke yake haishushi presha vizuri kama dawa ya kukojoza maji au amlodipini. Miaka ile ile kulikuwa na jaribio jengine la Wamarekani weusi watupu, 1,094, wenye presha iliyokwisha kugusa figo, ingawa hawana sukari. Humo ramipirili, nayo ya ukoo huo huo, ililinda figo kuliko amlodipini, hata kundi la amlodipini likasimamishwa mapema. Soma hayo mawili pamoja, maana watu wengi husoma moja: kwa kushusha presha, amlodipini inatufaa sana. Kwa kulinda kichujio kinachovuja, unataka dawa ya ukoo wa losatani. Mwaka 2019 tukapata na la kwetu. Waafrika 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, walilinganishwa kwa mchanganyiko wa dawa mbili mbili, na michanganyiko yenye amlodipini ndiyo iliyoshusha presha zaidi.

Angalia basi alichoandikiwa mzee: amlodipini na losatani pamoja. Aliyemuandikia pale Wete hakukosea hata herufi.

Kuna jambo la Pemba yenyewe ambalo ningependa ulifundishe hata skuli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Johns Hopkins pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar waliwapa watoto wa Pemba madini ya chuma na foliki asidi. Watoto 24,076 wa chini ya miaka mitatu waligawanywa kwa kura, hawa chuma, hawa kidonge kitupu. Nani angebisha? Watoto wana upungufu wa damu, chuma hujenga damu, na ulimwengu mzima ulikuwa ukishauri hivyo. Mwaka 2003 ikabidi vikundi vya chuma visimamishwe: watoto waliopewa chuma walikufa au kulazwa hospitalini kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Jaribio la namna hiyo hiyo likiendelea Nepal, ambako malaria haikuwa tatizo, halikuonyesha madhara hayo. Na hata Pemba, katika kikundi kidogo ambacho watoto walipimwa damu na malaria yao ikatibiwa bila kuchelewa, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake kwa sababu ya watoto wa kisiwa chako.

Kisiwa ni kimoja na dawa ni moja. Kilichotofautisha hatari na faida ni kama kuna mtu anayepima na kufuatilia. Ndiyo maana mimi nikisikia dawa imejaribiwa kwa Wazungu, kitu cha kwanza ninachouliza ni wale watu walikuwa wakipimwa mara ngapi. Rangi yao naiuliza baadaye. Mtu aliyemo kwenye jaribio hupigiwa simu asipotokea. Damu yake hupimwa kwa ratiba, potasiamu ikipanda kuna anayeiona siku hiyo hiyo, na kidonge hakimwishii. Jaribio hupima kidonge pamoja na uangalizi huo wote. Huku kwetu kidonge hufika peke yake, ndani ya begi, kutoka Maskati.

Tuingie kwenye boksi la kaka yako. Dapaglifozini ni dawa nzuri, na kaka kafanya jambo la ndugu. Asili yake ina hadithi. Mwaka 1835 wanakemia walitoa kitu kwenye gome la mzizi wa mtufaha, na baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho humfanya mtu akojoe sukari. Dawa za leo ni wajukuu wa gome lile. Dawa ya mwanzo ya ukoo wa ramipirili, kaptopirili, nayo ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili. Mwambie ami asidhani sisi tunadharau mizizi. Tunachotaka ni mzizi ujaribiwe kwa kura kama vidonge, watu elfu huku na elfu kule, tuone nani figo zake zimebaki.

Katika lile jaribio la watu 4,304, lililotolewa 2020, wenye sukari na wasio na sukari wote walikuwemo, na karibu wote walikuwa tayari wanatumia dawa ya ukoo wa losatani. Hapo pazingatie. Dapaglifozini ilijaribiwa juu ya losatani, haikujaribiwa badala yake. Kwa miaka miwili na miezi kadhaa, kati ya watu 100 wa kidonge kitupu, 14 au 15 figo zao ziliporomoka kwa nusu au zaidi, au zilikwisha, au walifariki kwa figo au moyo. Upande wa dawa walikuwa tisa. Kamati ya usalama ilishauri jaribio lifungwe mapema kwa sababu faida ilikwisha kuonekana. Ndugu zake dapaglifozini, kanaglifozini na empaglifozini, walitoa matokeo ya kuelekea huko huko. Mwaka 2024 ikaja pia sindano ya semaglutidi, lakini bei yake naiacha nisikuharibie siku.

Kwa uwezo wa kuchuja wa 51 mzee angeweza kuingia katika jaribio lile, kwani walichukua kuanzia 25 hadi 75. Kinachokosekana ni kipimo kimoja: albumini (aina ya protini) ya mkojo ikilinganishwa na kreatini ya mkojo huo huo. Karatasi ya kuchovya inayobadilika rangi inasema tu protini ipo. Haisemi ni kiasi gani, na haisemi imetoka wapi.

Na Pemba, swali la imetoka wapi si la kupuuza. Mzee ni mkulima. Kama analima mpunga mabondeni au aliwahi kuoga mitoni, kichocho kinaweza kutia damu na protini kwenye mkojo bila sukari kuhusika, na kikiachwa miaka huziba njia za mkojo na kuumiza figo kwa mlango mwengine kabisa. Kwa hiyo mkojo wake utazamwe kwa darubini, na kama mayai yamo apewe prazikwanteli, kisha protini ipimwe upya. Homa kali au maambukizi ya njia ya mkojo nayo hupandisha protini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hatumhukumu mtu kwa mkojo wa siku moja. Tunataka sampuli mbili kati ya tatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, ziseme neno moja. Tena mumpeleke akaangaliwe macho kwa ndani. Sukari ikiwa imegusa vimishipa vya macho, kuna uwezekano mkubwa ndiyo iliyogusa figo. Macho yakiwa salama kabisa, daktari atafute sababu nyengine kabla ya kusema ni sukari.

Maoni yangu, nikiwa sijamuona mzee, ni kwamba arudi kliniki na aulizie kuanza losatani tena, kisha wiki mbili baadaye apimwe kreatini na potasiamu kwa siku moja. Presha tunaitaka iwe chini ya 130 kwa 80 kama anaivumilia. Utakuta watu wananukuu 120 kutoka kwenye jaribio maarufu la Marekani la 2015, lakini jaribio hilo halikuwachukua wenye sukari. Dapaglifozini isianzwe wiki moja na losatani. Yenyewe nayo hupandisha kreatini kidogo mwanzoni kwa sababu ile ile ya mkamuo, na mkianza mbili pamoja namba ikapanda hamtojua ni ya nani, na ami atapata ushindi wa pili.

Kabla hata ya kuianza, muulize kaka: ataleta mpaka lini? Kiasi kilichojaribiwa ni miligramu 10 mara moja kwa siku, kila siku, na kinga hudumu maadamu kidonge kinanywewa. Boksi la miezi mitatu kisha ukame wa miezi mitano si tiba niliyoisoma katika jaribio lolote. Kama pesa ni za kuhesabu, afadhali ziende kwenye losatani isiyokatika, vipimo vya damu na nauli ya kliniki. Sisemi hivyo kwa kuidharau dawa mpya. Nimeona familia ikimnunulia mgonjwa kidonge ghali huku presha yake iko 170, na hakuna aliyeipima tangu Idi.

Akiianza, atakojoa zaidi, na sukari inayopita njiani hulisha ukungu wa sehemu za siri. Ajisafishe kwa maji na kujikausha, na akiwashwa aseme, asione haya. Siku akitapika, akiharisha au akishindwa kula, dapaglifozini, metifomini na losatani zote zisimame mpaka ale na kunywa kawaida. Akiwa katika dawa hiyo akapata kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu, akimbizwe hospitali hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha namba nzuri, kwani asidi inaweza kujaa kwenye damu bila sukari kupanda sana. Kwa hiyo pia isianzwe ndani ya Ramadhani wala siku chache kabla yake. Ikiwa ameshaizoea na daktari kamruhusu kufunga, ainywe wakati wa futari na anywe maji ya kutosha usiku.

Kuna jambo hukuuliza, nami naliogopa kuliko losatani. Msimu wa karafuu mgongo na magoti ya mzee huwaje? Kama kila msimu hupitia duka la dawa kwa diklofenaki au brufeni, huyo ndiye adui wa figo aliyemo nyumbani, tena akikutana na losatani na mwili uliokauka kwa jua la shamba, figo zinaweza kusimama kwa siku chache. Parasetamoli na kusuguliwa vitatosha. Vilevile akienda kituo kingine akaandikiwa enalapirili au kaptopirili, aseme ana losatani. Kuchanganya dawa mbili za ukoo huo kulijaribiwa kwa maelfu ya watu, matokeo yakatoka 2008, na figo ziliumia zaidi bila faida yoyote.

Chumvi: papa na ng'onda vipunguzwe, na vikiliwa viroweke na maji yamwagwe. Mkiuziwa ile chumvi ya kupunguza presha, someni pakiti. Kule vijijini China ilipunguza kiharusi, lakini ndani yake mna potasiamu, na wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa kwenye jaribio hilo. Kwa mzee mwenye losatani, aiache. Dafu lina potasiamu nyingi pia, ila sitomkataza mtu wa Pemba dafu kwa kumdhania. Potasiamu ipimwe kwanza. Ikiwa 4.3, anywe lake moja moja. Ikiwa 5.4, hapo tutazungumza. Halua unaijua mwenyewe, tena unakaa Wete.

Mnunulie daftari dogo. Ukurasa mmoja uwe wa tarehe, presha, kreatini, potasiamu, albumini ya mkojo na dawa anazotumia siku hiyo, na aende nalo kila anakokwenda, hata kwa mganga wa ami yenu. Mstari wa kwanza andika 118, wa pili 136 na neno "losatani" pembeni yake. Boksi la Maskati likae kabatini, mbali na joto, mpaka mstari wa tatu uandikwe.